Kijito, Mvua Yake na Joto Lake

Juu ya mji wa Kericho, pale msitu wa Mau Kusini-Magharibi unapokoma na mashamba ya chai kuanza, vinapita vijito viwili jirani: Sambret na Lagan. Maji yake huishia mto Sondu, na Sondu humwaga katika Ziwa Viktoria. Kwa macho ni vijito vya kawaida kabisa. Hata hivyo mtaalamu wa maji wa Brazili au Malesia anayesoma uhusiano wa misitu na mito atakutana na majina hayo mapema katika masomo yake, kwa kuwa vijito hivyo vilipimwa kwa bidii ambayo mito mingi mikubwa ya bara hili haijawahi kuipata.

Kazi hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilimo cha chai kilikuwa kikipanuka, na sehemu ya msitu wa bonde la Sambret ilikuwa ifyekwe ili ipandwe chai. Swali lilikuwa zito, na bado ni zito: msitu ukiondoka, wanaoishi chini watabaki na mto? Charles Pereira, mtafiti wa udongo na maji aliyefanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, hakutaka kulijibu kwa dhana. Yeye na wenzake walichukua mabonde mawili. Sambret, lenye hekta 702, lingefyekwa karibu nusu yake. Lagan, lenye hekta 544, lingeachwa na msitu wake. Yote mawili yakaanza kupimwa kabla shoka halijagusa mti.

Hapo ndipo penye werevu wa jaribio lote. Ukipima kijito kimoja tu, msitu ukakatwa, kisha maji yakapungua, huwezi kujua kama ni msitu uliopungua au ni mvua ya mwaka ule iliyokuwa haba. Ukiwa na kijito cha pili, kilicho karibu kiasi cha kupata mvua ileile na jua lilelile, huyo ndiye shahidi wako. Kwanza unajifunza jinsi viwili hivyo vinavyokwenda pamoja vikiwa bado na misitu. Baadaye, kimoja kikibadilika na kingine kisibadilike, unajua tofauti imetoka wapi. Lakini shahidi huyo hana thamani kama hukumsikiliza tangu mwanzo. Vipimo vya kabla haviwezi kuchukuliwa baada.

Hesabu ya bonde ni nyepesi kuiandika. Mvua iliyonyesha ni sawa na maji yaliyotoka kwa kijito, na yaliyorudi hewani, na yaliyoongezeka au kupungua ardhini. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja za maji. Kwa hiyo mvua ya alasiri ya milimita 20 juu ya Sambret nzima ni lita milioni 140. Kosea kwa sehemu moja ya kumi tu, na umepoteza lita milioni 14 katika daftari lako kwa siku moja. Ndiyo maana kipimamvua kimoja hakitoshi, hasa Kericho, ambako mawingu hujikusanya mchana, yakamwaga mvua ya mawe upande mmoja wa kilima na upande wa pili ukabaki na rasharasha. Vipimamvua hutawanywa bonde zima, juu na chini, kisha wastani hukokotolewa.

Maji yanayorudi hewani ndiyo magumu zaidi, kwa sababu hakuna chombo rahisi cha kuyadaka. Majani huyatoa kama mvuke, udongo huyakausha, na matone yaliyokaa juu ya majani baada ya mvua hupotea kabla hayajafika chini. Mwaka 1948 Mwingereza Howard Penman alionyesha njia ya kuyakadiria kwa kutumia vipimo vinne vya hewa: nguvu ya jua, joto, unyevu na upepo. Watafiti wa Muguga waliichukua njia hiyo, wakaifanyia kazi kwa hali ya nyanda za juu zilizo karibu na ikweta. Tangu hapo kituo cha hali ya hewa kimekuwa sehemu ya kipimo cha mto wenyewe. Bila kituo hicho, nusu ya hesabu haipo.

Sasa kijito. Watu wengi hudhani kupima mto ni kupima kina chake, lakini kina ni dalili tu. Kinachotakiwa ni wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Kwenye kijito kidogo njia ya uhakika ni kujenga ukuta wa zege unaozuia maji yote, kisha kuacha pengo la bamba la chuma lenye umbo la V ili maji yapite hapo tu. Umbo hilo likijulikana, kina cha maji juu ya ncha ya pengo hukupa wingi wake moja kwa moja. Kwa pengo la nyuzi 90, kina cha sentimita 10 ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Kina kikifika sentimita 20, si lita 8.8, ni karibu lita 25. Maji huongezeka zaidi ya mara tano wakati kina kimeongezeka mara mbili.

Fikiria maana yake kwa anayesoma rula pale. Kama maji yamesimama kwenye sentimita 10 naye akaandika 11, atakuwa ameongeza zaidi ya robo ya maji ya kijito kizima. Sentimita moja! Jani lililonasa kwenye pengo linatosha kuinua maji kiasi hicho. Kwa hiyo kazi ya sayansi kwenye kijito ni pamoja na mtu mwenye reki anayepita kila mara kuondoa majani, kuzoa mchanga uliojaa nyuma ya ukuta, na kukagua kama maji hayajaanza kupenya pembeni. Kazi hiyo haiandikwi katika vichwa vya makala za kitaalamu, lakini mimi nasema ndiyo inayobeba zote.

Kwenye mto mkubwa zaidi huwezi kujenga ukuta kila mahali. Hapo hupigiliwa ubao wenye alama za sentimita kando ya maji, kisha mtaalamu huja mara kwa mara, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, akapima kasi ya maji kwa kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo. Anaugawa upana wa mto katika vipande, anapima kina na kasi ya kila kipande, anazidisha na kujumlisha. Akifanya hivyo kwa viwango vingi vya maji, hupata mchoro unaosema: ubao ukionyesha hivi, mto unapitisha kiasi hiki. Mchoro huo hudumu mpaka mafuriko yatakapokuja kuchimba sakafu ya mto au kuijaza mchanga. Baada ya hapo sharti mto upimwe upya, la sivyo kila tarakimu inayosomwa kwenye ubao hutafsiriwa kwa mto ambao haupo tena.

Siku hizi ubao husaidiwa na kihisi kinacholala chini ya maji na kupima mgandamizo. Maji yakiwa mengi juu yake, mgandamizo hupanda. Kifaa hiki ni kizuri, hakilali, na huandika kila dakika kumi. Lakini kina mtego ambao kila anayekitumia katika nchi za ikweta lazima aujue. Kihisi cha aina iliyofungwa kabisa hubanwa na maji na pia na hewa iliyo juu ya maji. Mabadiliko ya hektopaskali moja ya hewa huonekana kwake sawa na sentimita moja ya maji. Na katika ukanda wetu mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kwa mpangilio ule ule: hufika juu kama saa nne asubuhi, hushuka mpaka saa kumi alasiri, kwa hektopaskali tatu hivi. Kwa kihisi hicho, kijito kimepungua sentimita tatu alasiri, ilhali maji hayajasogea.

Kinachofanya mtego huu uwe hatari ni kwamba vijito vya msituni kweli hupungua alasiri. Jua likiwa kali, miti iliyo kando ya maji hunyonya kwa nguvu, na maji ya ardhini yaliyokuwa yanaelekea kwenye kijito yanakatizwa na mizizi. Usiku majani hutulia, na kufikia alfajiri kijito kimejaa tena kidogo. Ni moja ya mambo mazuri kuliko yote yanayoweza kuonekana katika mchoro wa kijito, kwani unaona msitu ukinywa. Mtu asiye na kipimo cha mgandamizo wa hewa pembeni anaweza kuona unywaji huo mahali ambapo hakuna hata mti. Mwenye nacho hutoa hewa katika hesabu, na kinachobaki, kama kipo, ni kazi ya miti. Sijui mfano bora zaidi wa kueleza kwa nini maji na hali ya hewa lazima vipimwe pamoja.

Joto la maji ndilo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na ndilo hudharauliwa. Kipimajoto kidogo cha elektroniki kinachotoshea kiganjani, kikifungwa kwenye jiwe mahali penye kivuli, kinaweza kuandika kwa miezi mingi. Kinasema nini? Kwanza, kinaeleza maji yametoka wapi. Maji yanayochuruzika kutoka ardhini kabisa hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima mahali pale, mchana na usiku, masika na kiangazi. Maji yaliyopita juu ya ardhi hubeba joto la siku hiyo. Mvua ya mawe ikishuka na joto la kijito likaanguka ghafla, umeona maji ya juu yakiingia; likibaki palepale huku kina kikipanda polepole, ardhi ndiyo inayotoa.

Pili, kinaeleza hali ya viumbe. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Usawa wa bahari, maji yenye nyuzi 10 yanaweza kubeba takriban miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 ni 9.1, na nyuzi 30 ni 7.6. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 na zaidi kama Mau hewa ni nyepesi, kwa hiyo tarakimu zote hizo hupungua kwa kama moja ya tano. Samaki na funutu wa wadudu wa majini walio huko juu wanaishi na akiba ndogo tangu mwanzo. Trauti walioletwa nyanda za juu za Kenya kuanzia 1905 walifaulu kwa sababu vijito vile vilikuwa na kivuli na ubaridi. Ukikata miti ya kingo, jua la mchana linapiga maji moja kwa moja. Kijito kilichokuwa kikibadilika kwa digrii moja au mbili kwa siku huanza kupanda na kushuka kwa nyingi zaidi. Hilo laweza kutokea bila lita moja ya maji kupungua, na anayepima wingi peke yake hatalijua.

Na kuna faida ya tatu, ndogo lakini nzuri. Kijito kikikauka, kipimajoto kinabaki hewani, na mchoro wake unaanza kuruka juu mchana na kuanguka usiku kama mchoro wa hewa. Siku ya kukauka imeandikwa, hata kama hapakuwa na mtu wa kushuhudia.

Turudi Kericho na majibu yake. Msitu wa Sambret ulipofyekwa na ardhi ikawa wazi, kijito kiliongezeka maji. Mashina ya chai yalipokua na kufunika ardhi, ongezeko likapungua, na matumizi ya maji ya chai iliyokomaa yakakaribiana na ya msitu. Kwa kuwa mashamba yalipangwa kwa uangalifu, yakiwa na makinga maji na mifereji iliyofuata mzunguko wa kilima, hapakutokea mafuriko makubwa yaliyoogopwa. Kimakia, kwenye Aberdare, ambako jaribio kama hilo lilifanyika, mianzi ikaondolewa na misonobari kupandwa pamoja na mboga katika miaka ya mwanzo, hadithi ilikuwa ileile: maji yaliongezeka kwanza, kisha misonobari ilipofunga kivuli yakarudi karibu na hali ya awali.

Mbeya ndiko kulikotoka jibu lililowashangaza wengi. Huko Tanganyika ya wakati huo yalilinganishwa mabonde mawili madogo ya milimani, moja la msitu, lingine la mashamba ya wakulima kwenye mteremko mkali. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi. Msitu ulikuwa unakunywa zaidi kuliko mahindi, na udongo wa majivu ya volkano ulikuwa na matundu mengi kiasi kwamba mvua ilipenya hata palipolimwa.

Najua jinsi habari hiyo inavyopokelewa na watu waliolelewa kwa kauli kwamba msitu huleta maji. Mimi naamini misitu ya milima yetu ilindwe, na kwa nguvu zaidi kuliko sasa. Lakini isilindwe kwa hoja ambayo vipimo vitaivunja. Udongo wa Mbeya ni wa Mbeya. Penginepo, ardhi ikishakanyagwa na mifugo na kupigwa na mvua ikiwa uchi, matundu huziba. Tafiti za miaka ya karibuni Mau zimeonyesha kuwa udongo uliogeuzwa malisho hupokea maji polepole kuliko ule wa msitu. Mvua isiyopenya leo haitakuwepo ardhini kulisha kijito mwezi wa Januari. Vilevile wingi ni jambo moja, usafi ni jingine. Tangu 2014 watafiti wameweka mitambo Mau kwenye mito mitatu, mmoja wa msitu wa asili, mmoja wa mashamba ya chai na miti, mmoja wa wakulima wadogo, ikiandika kila dakika kumi. Mto wa wakulima wadogo umebeba tope mara kadhaa zaidi kuliko wa msituni kwa kila kilomita ya mraba. Tope hilo ni shamba la mtu linaloondoka, na sehemu kubwa ya safari yake hufanyika katika saa chache za dhoruba, ambazo mtu anayekuja kuchota chupa ya maji mara moja kwa wiki hazikuti.

Pale vipimo visipokuwepo, au vikiwepo visisikilizwe, watu huumia. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza mapema miaka ya 1990 kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tanzania ilikuwa katika mgao wa umeme, mabwawa ya Mtera na Kidatu yakitegemea maji hayo, na kila mtu alitafuta wa kulaumiwa. Lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji wa bonde la Usangu, upande wa juu wa mto, na ng'ombe wao, na mwaka 2006 wengi waliondolewa pamoja na mifugo yao. Lakini daftari la mto, likiwemo la kituo cha Msembe ndani ya hifadhi lenye vipimo vya tangu miaka ya 1960, lilielekeza kwingine. Maji yaliyopungua sana yalikuwa ya kiangazi, na sababu kubwa ilikuwa mifereji ya umwagiliaji iliyoendelea kuchukua maji ya vijito vya Usangu hata baada ya mpunga kuvunwa. Ng'ombe hawakuweza kunywa kiasi kile. Ningependa kila diwani na mkuu wa wilaya anayesimama kuzungumzia mto aulizwe kwanza: ubao wa vipimo uko wapi, na unasema nini?

Mara nyingi ubao wenyewe hauko. Umechukuliwa na mafuriko, au upo lakini anayeusoma hajalipwa, au betri ya mtambo imeibwa. Juhudi za kuziba pengo zipo. Mpango wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Uholanzi na John Selker wa Marekani, unaweka vituo vidogo vya hali ya hewa barani Afrika, vingi katika shule, ambako kuna uzio na walimu, na mwanafunzi anaweza kujifunzia jiografia kwa mvua ya kijijini kwake. Chombo kinalindwa vizuri zaidi mahali ambapo kina mwenyewe.

Katika bonde la Sondu-Miriu, maji yaleyale ya Sambret na Lagan yakiwa safarini kwenda ziwani, kulifanyika jaribio la namna nyingine. Mbao 13 zilipigiliwa kandokando ya mito, pamoja na maelezo ya kumwomba yeyote apitaye asome kina cha maji na kukituma kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida. Katika mwaka wa kwanza watu zaidi ya mia moja walituma vipimo zaidi ya elfu moja vilivyofaa kutumika. Wengi walituma mara moja mbili wakaacha. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wachache walioshika mpaka mwisho.

Wachache hao ndio wanaostahili kutafutwa kwanza katika kila bonde. Anayeteka maji mahali pamoja kila asubuhi haongezi safari akisoma ubao. Mwenye kinu, mchunga ng'ombe mwenye kivuko chake, mwalimu ambaye shule yake iko ng'ambo ya daraja, wote wako pale mvua inaponyesha, saa ambayo gari la mtaalamu limekwama kwenye matope. Wapewe ubao unaosomeka, vocha ya simu, na kila mwezi warudishiwe mchoro wa mto wao, ili waone wenyewe mvua ya Jumanne ilivyoinua maji ya Jumatano.